Mji Uliorukwa

Punta Arenas,
Jumapili, mwishoni mwa Julai

Kaka yangu mpendwa Yerko,

Nakuandikia nikiwa nimevaa koti ndani ya nyumba. Si kwamba hita imekufa, ila nimeshindwa kutulia mahali pamoja. Nikikaa nainuka, nafungua mlango, nautazama mlangobahari, narudi ndani na baridi yangu. Nikaona heri nishike kalamu, labda mkono ukipata kazi na miguu itapumzika.

Pokea salamu zangu za upendo, wewe na wachungaji wenzako wa huko Tierra del Fuego. Goti linasemaje na theluji hii? Custodio wa lori aliniambia kwamba unachechemea kama kondoo aliyekanyaga msumari na kwamba ukitajiwa daktari unageuka kiziwi. Sikushangaa. Marehemu baba yetu alikuwa hivyo hivyo, na mimi pia nimeanza. Kwangu mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Wifi yangu Ercilia ni mzima, na mdomo wake ni mzima zaidi. Osvaldo naye hajambo, kwa habari nilizo nazo.

Barua hii nitampa Custodio atakapovuka na kivuko kuwaletea unga na mafuta. Nakuomba uisome yote bila kuruka, hata pale utakapotaka kuitupa jikoni kwenye moto, maana mwishoni nina ombi, na ombi lenyewe halieleweki bila ya haya yaliyotangulia.

Unajua shemeji yako alistaafu kampuni ya mafuta mara tu baada ya msimu wa kukata manyoya, ulipokuwa umekwisha kurudi huko. Nilidhani atapumzika. Kumbe mtu aliyeamka alfajiri maisha yake yote hajui kukaa kitako. Alikaza skrubu ambazo hazikulegea. Alipaka rangi mabati ya paa yaliyokuwa yamepakwa mwaka jana. Halafu akaanza kunifuata jikoni na kunifundisha kumenya viazi. Nikamwambia, "Mume wangu, ama wewe utafute kazi, ama mimi nitafute nyumba." Akacheka, akachukua kofia, akatoka. Jioni akarudi na bomba refu la karatasi kwapani. Akaingia sebuleni, akaishusha picha ya Moyo Mtakatifu aliyotuachia mama, na pale pale akabandika ramani ya India, kubwa kama shuka la kitanda. Akarudi nyuma hatua mbili, akaitazama, akasema, "Tunakwenda."

Huyu ni Osvaldo, kaka. Ni yule yule ambaye kwenye arusi ya mpwa wetu huko Santiago alishinda chumbani, miguu ndani ya ndoo ya maji, wakati wenzake wamevaa sweta. Nikamuuliza kwa nini India na si mahali pengine penye hewa ya binadamu. Akanijibu kwamba mtu anapaswa kuliona lile kaburi la mawe meupe la Agra kabla hajaingia kwenye kaburi lake mwenyewe. Nilinyamaza. Nikaendelea na viazi vyangu. Sababu unaijua. Nitaifikia.

Tangu siku hiyo nyumba yetu ikageuka stesheni. Kila Jumapili baada ya misa walikuja Ercilia na Lautaro Barría, yule mchinjaji mjane aliyekuwa na bucha karibu na makaburi, maana wao nao walikata shauri kusafiri pamoja nasi. Walikunywa mate, ile chai yetu chungu ya majani, walikula keki zangu, na walibishana. Ercilia alitaka vitambaa na ule mto mtakatifu wa Varanasi. Lautaro alitaka kitu kimoja tu, kumwona chui milia kwa macho yake. Osvaldo alitaka vyote. Alipachika pini kwenye ramani na kuziunganisha kwa uzi mwekundu wa sufu: Delhi, Agra, Jaipur, Jodhpur, kisha shwaa hadi Mumbai, kisha juu hadi Varanasi, na kurudi Delhi. Jumapili iliyofuata tuliukuta uzi umegeuzwa, safari inaanzia Mumbai. Iliyofuata tena, umegeuzwa upya.

Lautaro aliutazama ule uzi siku moja, akaweka kikombe chini. "Ndugu yangu," akasema, "hii si likizo, hii ni kuswaga kondoo. Mchana tunakimbizwa kaburini, jioni tunasukumwa ndani ya treni, kulala tunalala tumesimama. Huyo chui milia nitamwona saa ngapi?"

Ercilia akamjibu kabla Osvaldo hajafungua mdomo. "Wewe usihangaike. Miaka yote hiyo umenuka nyama, chui milia atakutafuta mwenyewe."

Hivyo ndivyo walivyokaa, kaka. Mimi nilikuwa napita kati yao na birika, nikicheka pale wanapocheka, na macho yangu hayatoki kwenye ramani.

Aliyekuwa akitupangia tiketi na hoteli ni Bi Fresia Oyarzo, mwenye ofisi ndogo ya safari karibu na uwanja wa mji. Alituonya kwamba tumechagua mwezi mbaya. Alisema kwamba huko mwezi wa Mei mbwa hutafuta kivuli cha mbwa mwenzake. Mtu mwingine angeahirisha. Osvaldo aliona ametukanwa. Akarudi nyumbani, akaingiza hita mbili za gesi ndani ya lile banda lake la vioo, katikati ya nyanya, akatundika kipimajoto, akatuamuru kila alasiri tufanye mazoezi ya joto. Usicheke. Nje mvua ya theluji inapita kwa upande, upepo unatikisa vioo, na ndani sisi watu wazima wanne tunazunguka tuta la nyanya tumevaa kofia za jua na mikoba mgongoni, jasho linatiririka hadi viatuni. Jirani yetu Bi Zulema aliuliza kutoka kwenye ua wake tunaoka nini. Lautaro, amevaa singlendi, akamjibu kupitia dirishani, "Wazee."

Mazoezi yalikwisha siku Ercilia alipozimia. Aliangukia kwenye nyanya, na moja ikampasukia kifuani. Lautaro aliiona ile nyekundu kwenye blauzi, na yeye aliyechinja maisha yake yote akawa mweupe, akakaa chini, akashindwa hata kunyoosha mkono. Tulimmwagia Ercilia maji. Akafumbua macho, akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Kama hii ndiyo India, vitambaa vyao wabaki navyo." Lakini Jumapili alirudi, na kitabu cha picha alichopewa na Bi Fresia. Alikifungua mezani mbele ya kaka yake, mahali penye picha ya jumba jeupe linaloelea katikati ya ziwa.

"Mji huu nao," akasema. "Uko njiani kabisa kati ya Jodhpur na Mumbai. Uzi wako umepita juu yake kama mtu anayeruka dimbwi. Kwa nini?"

Osvaldo hakukitazama kitabu. "Huko kuna maji tu," akasema. "Maji tunayo."

Mji wenyewe ni Udaipur, kaka. Ercilia alijua vizuri anauliza nini. Ndiko anakoishi Jasna, binti yetu.

Wewe siku ile alipoondoka hukuwepo uwanja wa ndege. Uliyasikia kwa watu, na kila mtu alitia chumvi yake, kwa hiyo niruhusu nikusimulie mimi. Unakumbuka Jasna alikuwa muuguzi hapa hospitalini. Hemant mumewe aliletwa kwake na upepo. Alikuwa anazunguka Patagonia kwa baiskeli, na kwenye barabara ya Natales upepo ukamwinua yeye na baiskeli yake ukawatupa mtaroni, mfupa wa bega ukavunjika. Wakati mfupa unaunga, mengine nayo yakaunga. Wakafunga ndoa kwa msajili, na Jasna akaamua kumfuata mumewe kwao. Kitu ambacho yeye hakukijua ni kwamba mwaka ule ule baba yake alikuwa anamalizia ile nyumba ndogo nyuma ya yetu, yenye madirisha makubwa yanayotazama mlangobahari. Alituambia ni stoo. Ilikuwa ya Jasna. Siku aliyopanga kumkabidhi ufunguo wakati wa chakula ndiyo siku ambayo Jasna alituambia kwamba anaondoka. Ufunguo ulibaki mfukoni mwa Osvaldo. Hakuwahi kumwambia.

Uwanja wa ndege hakushuka garini. Jasna aliinama dirishani amuage, naye akamwambia akiwa anatazama mbele, "Ukipanda ndege hiyo, usiseme kwamba una baba huku." Jasna alipanda. Juma lililofuata Osvaldo aliibomoa ile nyumba ubao kwa ubao. Madirisha akayafanya banda la nyanya. Tangu siku hiyo, miaka sita sasa, jina la mwanangu halikutamkwa ndani ya nyumba hii. Nikitaka kuzungumza naye nilikwenda kwa Ercilia, nikajifungia na simu kwenye chumba chake cha kufulia, kama msichana mwenye mchumba wa siri. Huko ndiko nilikopata habari kwamba amejifungua. Mtoto wao ana miaka minne, ni msichana, anaitwa Mira, ambalo kwetu ni kama kumwambia mtu "tazama". Anaongea lugha yetu kwa lafudhi yetu hii hii ya kusini. Picha yako na kondoo wameitundika ukutani, na anakuita mjomba wa manyoya.

Basi fikiria, Yerko, moyo wangu ulivyokuwa miezi hiyo. Mume wangu anachora India usiku na mchana na hamtaji mtoto wetu aliyeko India. Wakati mwingine nilijiambia kwamba anakwenda kwa ajili yake. Wakati mwingine nilijiambia kwamba anataka kupita karibu naye ili amwonyeshe kwamba hakuingia. Nilikuwa nafua nguo safi. Nilitia chumvi chai.

Mwisho nikaenda mwenyewe kwa Bi Fresia, kwa kisingizio cha kuuliza habari za chanjo. Yule mama alinitazama juu ya miwani, akainuka akafunga mlango. Akaniambia kwamba mume wangu huja pale karibu kila juma kubadilisha njia, na kila akija humuuliza habari za Udaipur. Anauliza stesheni iko mbali na mji au karibu. Anauliza kama kuna hospitali ya watoto. Anauliza nyumba za huko zimeezekwa nini. Bi Fresia akimwambia, "Basi niweke Udaipur, Don Osvaldo," yeye husema hapana, hapana, usiweke. Lakini amemwagiza aache siku tatu tupu baada ya Jodhpur, bila hoteli wala treni. Bi Fresia alipomuuliza aandike nini kwenye siku hizo, alisema aandike mapumziko.

Nilitoka pale nikitembea kama niliyekunywa. Upepo ulinisukuma kwenye zile kamba zinazofungwa barabarani watu wajishikie siku za upepo, nikazishika huku nacheka peke yangu. Nikaenda moja kwa moja kwa Ercilia, nikampigia mwanangu, nikamwambia baba yako anakuja, ameacha siku tatu, anaona haya tu kusema.

Nilingoja alie kwa furaha. Badala yake akasema, taratibu, kwa sauti ya baba yake kabisa, "Siku tatu za mapumziko. Mimi si kituo cha kupumzikia, mama. Kama anaona aibu kuliandika jina la mji wangu ukutani kwake, asibishe hodi mlangoni kwangu. Mwambie hivyo hivyo."

Nilimwambia siwezi. Akaniambia kwamba sijaweza miaka sita.

Nilikaa na neno hilo hadi Jumapili. Walikuwa wote watatu mezani, Lautaro anaeleza jinsi chui milia anavyonyata, na Osvaldo amesimama na uzi wake mkononi, anauhamisha tena. Nikaweka birika chini. Nikasema mbele ya wote, "Jasna amesema usipoandika jina la mji wake, usiende mlangoni kwake." Osvaldo aliuliza, bila kugeuka, nimezungumza na nani. Nikasema nimezungumza na mwanangu, na nimekuwa nikizungumza naye tangu aondoke. Alichomoa pini moja moja akazitia mfukoni. Akabandua ramani, akaikunja vizuri, kona kwa kona. "Safari imekufa," akasema, akatoka kwenda kwenye nyanya zake.

Mwezi mzima ulipita, na Mei yetu ikapita nao. Tuliishi kama wapangaji wawili. Aliuliza chumvi iko wapi, nilisema iko palepale. Mimi nilikuwa nazunguka nyumba, yeye anazunguka banda, na kati yetu uwanja umejaa theluji, nyayo zake tu zinaonekana.

Aliyelipasua jipu ni Lautaro. Alikuja siku ya kazi, si Jumapili, akamfuata Osvaldo bandani, nami nilikuwa ndani nachuma nyanya za mwisho, wala hakujali kwamba nipo. "Bwana wee," akamwambia, "nimetembea ndani ya tanuri lako nusu uchi, jirani wananicheka, nikidhani tunakwenda kumtafuta mnyama mkali. Kumbe wewe unamwogopa mwanakondoo wako mwenyewe. Mimi mke wangu alikufa tumenuniana kwa ajili ya mlango wa friji. Mlango wa friji, Osvaldo. Unataka kungoja nini?" Akavaa kofia, akaondoka. Osvaldo alibaki ameshika mkasi.

Siku hiyo hiyo alasiri alinijia jikoni, akasimama mlangoni kama fundi aliyekuja kudai ujira. Akasema nimpe namba. Nilimwandikia mkononi mwake kwa kalamu, maana sikupata karatasi, wala sikutaka kumwacha asimame akitafakari. Akatoka, akaingia kwenye gari, akafunga vioo. Nilimwona kutoka dirishani, amekaa, simu sikioni, theluji inajaa kwenye kioo cha mbele hadi nikawa simwoni tena.

Waliyozungumza alinisimulia Jasna, maana Osvaldo ungempiga shoka asingesema. Alisema, "Ni mimi." Jasna akasema anajua. Baba yake akauliza kama huko kuna joto. Jasna akasema lipo. Akasema hapa kuna theluji. Kisha akauliza paa la nyumba yake ni la nini.

"La zege. Bapa. Mvua zikija linavuja juu ya kitanda cha mtoto."

"Nani alilijenga?"

"Fundi wa hapa."

"Alilijenga vibaya."

"Ndiyo, baba," Jasna akasema. "Alilijenga vibaya."

Basi. Hapakuwa na samahani, hapakuwa na machozi. Osvaldo aliingia ndani na theluji mabegani, akavua kofia, akasema, "Udaipur kuna shida ya paa." Ndiyo mara ya kwanza nilisikia jina hilo kinywani mwake. Kisha akaketi, akaomba chai.

Baada ya hapo miji ilianza kudondoka mmoja mmoja. Mumbai ilikwenda kwanza. Varanasi ikafuata, na lile kaburi jeupe akasema limekaa hapo karne nyingi na halitakimbia. Mvua za huko zilikuwa zimekwisha kuanza, naye hakutaka kungoja zipite. Alisema paa lililo kavu halisemi ukweli. Bi Fresia akatafuta safari ya Julai, kwenda Delhi na kutoka Delhi kwenda Udaipur, hakuna kingine. Lautaro alijitoa, kwa kuwa aliambiwa mbuga za chui milia hufungwa wakati wa mvua, akahamisha safari yake hadi Novemba. Ercilia naye akahamisha yake, eti mtu hawezi kuachwa ale peke yake nchi ya ugenini. Majirani wameanza kusema. Acha waseme, wote wawili wamechangamka kama vijana, na juzi niliwaona wamebishana juu ya hoteli hadi wakasahau kuchukua keki.

Tulifunga mizigo mimi na Osvaldo pamoja. Yeye alitia misumeno midogo, miiko ya kupakia lami, brashi za waya. Mimi nilitia jamu ya kalafate, yale matunda yetu ya porini, gauni la Mira nililolishona, na mchoro wa nyumba hii ili aijue. Alikuwa anaamka kabla ya mapambazuko na kukaa kitandani. Aliniuliza zaidi ya mara moja nitakapomwona Jasna nitamwambia nini. Nilijibu kwamba nitajua nikifika.

Sasa ndugu yangu, hapa ndipo nilipokuwa napazunguka tangu mwanzo wa barua, kama Osvaldo na uzi wake. Mimi sikwenda. Osvaldo ameondoka peke yake, na mimi nimo humu ndani nimevaa koti.

Siku moja tu baada ya ile simu ya garini, Jasna alinipigia. Aliniambia anataka baba yake aje peke yake. Sikuelewa. Akasema, "Ukiwepo wewe, mama, atakaa nyuma yako. Utasema wewe, nitakujibu wewe, yeye atapanda juu ya paa, ataliziba, atashuka, ataondoka. Nawajua ninyi wawili tangu nizaliwe. Nataka asimame mlangoni bila wewe mbele yake."

Nilikata simu, Yerko. Sijawahi kumkatia simu mwanangu. Nilitembea ufukweni dhidi ya upepo hadi masikio yakafa ganzi, nikisema peke yangu kwa sauti. Mimi niliyejificha kwenye chumba cha kufulia. Mimi niliyesikia mjukuu wangu akijifunza kuhesabu kupitia simu, kati ya ndoo na sabuni. Mimi ndiye nibaki? Kisha nilikumbuka namna ninavyozungumza. Osvaldo akiulizwa hali, namjibia mimi. Akikasirika, namfasiria mimi. Hata kwa daktari namsemea anaumwa wapi. Sikupenda alichosema mwanangu, lakini sikuona pa kukikanusha. Nikampigia, nikasema ndiyo, na Novemba nitakuja na akina Ercilia. Akalia hapo, ndipo alipolia, akasema nitalala kitanda kimoja na Mira.

Osvaldo sikumwambia, maana nilijua asingeondoka. Bi Fresia peke yake alijua. Nilifunga sanduku langu kama msafiri, nikijua ndani mna vitu vyake na zawadi tu. Kule uwanja wa ndege, pale mbele ya ukaguzi, ndipo nilipompa tiketi yake moja na kumwambia kwamba yangu haipo, na kwa nini haipo.

"Umechanganyikiwa," akasema. "Nani atazungumza nao?"

"Wewe."

"Mimi sijui kuzungumza. Unajua sijui."

"Najua. Na yeye anajua. Ndiyo maana anakungoja."

Uso ulimwiva. Akasema kwamba tumempanga, sisi wanawake, kama ng'ombe anayepelekwa mnadani. Watu kwenye foleni walianza kututazama. Akageuka, akanipita, akaenda hadi mlango wa kutokea. Ulipofunguka upepo ukaingia na theluji yake, naye akasimama pale akilitazama gari letu kwenye maegesho. Kaka, miguu yangu ilitaka kumfuata kuliko ilivyotaka kitu chochote duniani. Mdomo ulikuwa umejaa maneno ya kumtuliza. Niliuma shavu kwa ndani hadi likatoka damu, nikabaki nilipo.

Mlango ulifunguka na kufungwa, ukafunguka na kufungwa, kwa kuwa alikuwa amesimama katikati yake. Kisha akarudi. Akachukua sanduku langu kutoka mkononi mwangu, hakunitazama.

"Yule mtoto," akasema. "Anaitwa nani? Sema polepole."

"Mira."

Akalirudia mara kadhaa chini kwa chini, kama mtu anayekariri anwani ya nyumba asiyoijua. Akaingia ukaguzini na masanduku mawili. Hakugeuka.

Nilirudi nyumbani nikiendesha gari vibaya sana. Siku zote alizokuwa angani sikula kitu cha maana. Alinipigia akiwa Delhi kwa muda mfupi, akasema banda letu la nyanya lilikuwa mchezo wa watoto, kwamba shati limemgandia kama ngozi ya pili, na kwamba ndege ya Udaipur inaitwa. Halafu kimya. Jana ndipo Jasna alipopiga. Sauti yake ilikuwa imechoka na imelegea, kama ya mtu aliyetua mzigo. Alisema baba amefika, amekonda, amelala sakafuni kwa sababu ndipo penye ubaridi, na Mira amekaa pembeni anampepea kwa gazeti na hataki mtu mwingine ashike zamu. Alisema walisimama mlangoni muda mrefu, na mvua inanyesha, na kwamba baba alisema mwenyewe.

Nikamuuliza alisema nini.

"Hiyo ni yangu, mama," akasema.

Nilifurahi, Yerko, kwa roho ya mama yetu aliyelala, nilifurahi. Na iliniuma vilevile, kama mpishi anayeambiwa chakula kilikuwa kitamu na kimekwisha. Miaka sita nimebeba maneno ya hawa wawili, na neno lenyewe lilipokuja sikuwepo kulisikia, wala sitalisikia. Ndivyo ilivyotakiwa. Lakini mikono yangu haijui ishike nini. Nimemenya viazi vya watu sita. Simu ikinyamaza naitazama, ikilia naogopa kuipokea nisije nikauliza tena.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Niruhusu nije huko kwako hadi atakaporudi. Mahali pasipo na simu ndipo ninapopataka. Nitakupikia wewe na wachungaji, nitakufunga goti kwa mafuta ya kondoo, na habari za daktari sitazitaja zaidi ya mara moja kwa siku. Sitakuwa mzigo. Nikizidi kuzungukazunguka ndani, nipe mbwa na unifukuze nje.

Nisalimie Custodio atakapofika, ingawa ndiye mwenye barua na kwa kumjua atakuwa amekwisha kuipapasa kwa juu ajue ina kurasa ngapi. Nisalimie pia kila aliye chini ya paa lako na kila mwenye pembe aliye nje yake. Ercilia anakusalimu, Lautaro anasema umwekee mwanakondoo mnono. Mungu akulinde wewe na goti lako, na mlangobahari uwe mtulivu kati yetu.

Usihangaike kuandika jibu, najua mwandiko wako. Mwambie Custodio tu kama aniachie nafasi kwenye lori atakapovuka tena. Ukikataa mwambie pia, lakini nitakuja.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Nevenka